Wazee Wanane wa Pembe

Wiki iliyopita nilialikwa chakula cha mchana Al Amerat, kwa binti wa aliyekuwa jirani yetu Maskati, na kitu cha kwanza kukiona ukumbini ni lile kabati la vioo la mama yake. Wewe! Macho yaliniganda pale vile vile kama nilipokuwa na miaka tisa.

Sisi tulifika kutoka Unguja na nguo za mwilini, mimi na bibi yangu. Jirani naye alitoka huko huko, lakini yeye alifika na vinyago vya Kichina vya pembe ya nyati, vya kale, kavifunga ndani ya kanga: wazee wanane wadogo, kila mmoja na chake mkononi, huyu filimbi, yule kikapu, yule mkongojo. Marehemu mumewe alimnunulia mmoja kila Idi Kubwa, miaka minane, mpaka wakatimia. Kila Ijumaa asubuhi aliwatoa kabatini wapakwe mafuta ya lozi, wasipasuke kwa joto kavu la huku. Binti yake, rika langu, ndiye aliyepaka. Mimi nilishikishwa kitambaa. Basi hata vitumbua vya mama yake niliviacha sahanini kwa wivu. Kwa nini yeye ana kila kitu na mimi sina?

Bibi aliliona jicho langu. "Usisafirie nyota ya mwenzio," alinambia. Nikaitikia, huku moyoni nnapanga yangu.

Kwetu, mgeni akikisifu kitu, mwenyewe husema, "Karibu, chako hicho," na mgeni hujibu, "Kimekaa pahala pake." Ni adabu tu, hakuna anayechukua. Ijumaa moja nikamsifu mzee wa filimbi, nikamsifu tena, kwa sauti. Jirani akacheka. "Mchukue, mwanangu, wako huyo."

Nikamchukua kweli.

Binti yake kabaki kanikodolea macho, vidole vinamchuruzika mafuta. Bibi alipojua alinikokota nikamrudishe, haya zimemjaa usoni, lakini jirani alikataa katakata: "Nshampa. Nilichokwisha toa sikipokei." Tangu siku ile mwenzangu hakuniita tena kucheza. Nami, nyumba yetu haina kabati, nikamtia mzee wangu sandukuni, na wivu haukupungua hata chembe. Sasa niliwaonea wale saba.

Bibi na jirani wote washatangulia mbele ya haki, na nyumba zetu zile zimevunjwa. Wiki iliyopita mwenyeji wangu hakunilaumu kwa lolote. Alinipakulia pilau, akanionesha wale saba wanavyong'aa, na nafasi ya wa nane ambayo hajaijaza. Wa nane mwenyewe alikuwa mkobani mwangu. Wallahi nilikwenda kumrudisha! Lakini nilipomwona anavyowapangusa taratibu, kwa raha zake, ule uchungu ukanipanda upya. Nikaubana mkoba kwapani, nikaaga. Nna wajukuu sasa, na nimeshindwa kumrudishia mwenzangu mzee mmoja wa pembe.