Meno ya Kambo Ndani ya Chupa

Ukinikuta siku hizi mlangoni mwa ile hospitali ya zamani ya kambi ya mgodi, hapa Kolwezi, usidhani nimeugua. Hospitali yenyewe ilikufa kitambo. Madirisha yameng'olewa, na mabati mazuri wameshayaezua wenye haraka zao. Kiangazi kilichopita dada mmoja daktari alinifuata nyumbani. Alitaka kutengeneza chumba cha makumbusho kwa vifaa vilivyosalia mle ndani, na hakumpata mtu wa kumwambia kila kimoja kilikuwa cha nini. Akasikia kwamba mimi nililelewa kambini wakati wa Wabelgiji na kichwa changu bado kizima. Nikavaa kitenge cha kanisani, nikaenda.

Nikaanza kumtajia. Sanduku la chuma lenye mfuniko lilikuwa la kuchemshia sindano. Bakuli la enameli lililopinda kama haragwe lilishikwa chini ya kidevu, mgonjwa atemee damu. Chuma chenye gurudumu na kikanyagio, alichodhani ni mabaki ya cherehani, kilikuwa cha kutoboa meno: muuguzi alikanyaga, Mzungu akatoboa. Kisha akafungua kitambaa kichafu, akanionyesha koleo la kung'olea meno. Nikaketi. Sikuketi kwa uzee, rafiki yangu. Niliketi kwa hasira.

Nyanya yangu, kambo kama sisi huku tunavyomwita kila nyanya, alikuja na treni kutoka upande wa Dilolo mama alipojifungua mdogo wangu. Alishuka na kikapu cha mihogo mikavu na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na alipotabasamu batoto wote wa kambi tulisogea kumwangalia. Meno yake manne ya mbele yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha. Kwao, alipokuwa msichana, huo ndio ulikuwa urembo. Msichana asiyechongwa hakupata wa kumtania. Aliyasugua kila asubuhi kwa kijiti na majivu, yaking'aa kuliko sahani za mama.

Ah, siku zile! King'ora cha mgodi kililia, baba akatoka na kofia yake, na sisi tukabaki na kambo. Alitumenyea miwa kwa meno yale, ganda likatoka refu bila kukatika, tukagombania kipande cha kwanza. Alitwanga sombe, majani ya mihogo, akiimba kwa Kilunda, na katikati ya wimbo alipiga mluzi kupitia yale mapengo ya ncha. Sijasikia tena mluzi wa namna ile. Bukari yake, yaani ugali, ilikuwa ngumu, ya kushiba mpaka kesho, na mama alinong'ona kwamba anamaliza unga wa posho.

Halafu jego likamuuma. Shavu lilivimba, akashindwa kula. Daktari wa meno, Mzungu, alikuja hospitali hii yetu ya weusi Alhamisi tu, siku nyingine alikuwa kwa wenzake. Mama alikuwa bado na kitoto kichanga, basi nikatumwa mimi nimshike kambo mkono. Tulikaa kwenye benchi, harufu ya kreso, dawa ya kuoshea sakafu, ikituchoma pua. Zamu yake ilipofika Mzungu alimfungua mdomo, akacheka, akasema neno kwa Kifaransa.

"Mama, muzungu anasema hii meno ya mbele njo inakuletea bugonjwa," muuguzi alimwambia, macho chini.

"Hapana, tata," kambo akamjibu, akimwita baba kwa heshima. "Mi nilikuya juu ya hii ya nyuma. Hii ya mbele haina neno."

Muuguzi hakutafsiri. Aliogopa, naye alikuwa na batoto wa kulisha. Lakini kumwelewa si kumsamehe. Alimshika kichwa, na Mzungu akang'oa yote manne, mazima, bila sindano ya ganzi. Jego hakuligusa. Kambo alirudi nyumbani na shavu lake lile lile lililovimba, na mdomo mtupu mbele.

Meno yenyewe Mzungu hakumpa. Aliyaosha, akayatia kwenye chupa ya kioo na kuiweka kabatini, ili wageni wake waone. Nimeyaona kwa macho yangu, maana kambo alinichukua Alhamisi baada ya Alhamisi kwenda kuyaomba. Kwao jino likitoka unalificha mwenyewe. Haliachwi mkononi mwa mgeni.

"Mi sitaki bitu bingine," alimwambia muuguzi. "Nataka tu meno yangu, nirudie kwetu."

Walimfukuza kwenye benchi kama kuku. Mwisho alipanda treni, kitenge kikiwa kimefunika mdomo. Hakuimba tena. Alikufa kwao, na mama alipopata habari hakulia kwa sauti; alikaa akisaga meno yake mwenyewe.

Sasa sikia. Yule dada daktari, nilipokwisha kumsimulia, akatoa picha yenye fremu. Ni yule Mzungu wa meno, na masharubu yake. Wajukuu wake huko Ulaya wamesikia habari za chumba, wameituma itundikwe juu ya kiti alichong'olea watu meno, babu yao apate heshima.

"Mama, tuache tu," dada akasema. "Ni bitu bya zamani."

"Zamani ya nani? Kambo aliomba meno, akanyimwa. Huyu hata hajaomba heshima, na munamupa? Tundika picha. Lakini kuongea na batoto wa shule, njo mi nitaongea. Ao tafuta mwingine wa kukutajia bile bitu bimebakia."

Vifaa nisivyovitaja vilibaki makabati mawili mazima. Akakubali.

Kambi imebomolewa nusu, miwa ya kando ya mto imefukiwa na udongo wa mgodi, na mwanamke mwenye meno ya ncha humuoni tena hata ukizunguka mtaa wote wa Manika. Chupa tuliitafuta mpaka chini ya sakafu. Haipo; sijui iko mezani kwa nani. Watu wa kanisa wananiambia nisamehe. Nawasikia, nao wanisikie: sitaki.

Batoto huja na mwalimu wao, wamevaa sare. Wanapita mbele ya sindano, mbele ya bakuli, wanafika kwenye kiti, wanainua macho.

"Kambo, huyu tata ni nani?"

"Mwizi," nawaambia. "Mumwangalie muzuri."