Siku Niliyomzika Baba Darasani

Juzi, tulipomaliza arobaini ya Baba, tukiwa bado tumekaa mkekani na sinia la pilau katikati, mdogo wangu anayehamia Lusaka na familia yake akanigeukia. "Dada, wanangu niwapeleke shule ya serikali au ya kulipia?" Swali la kawaida kabisa, rafiki yangu. Lakini nililirudisha tonge siniani. Mama akaniangalia mara moja tu, akajua nimekumbuka nini.

Sisi tulihamia Gisenyi, Rwanda, tukitokea Kigoma, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne. Wazazi walisema tunarudi kwetu, nami nikashangaa, maana huko tunakorudi nilikuwa sijawahi kufika. Kila kitu kilinishtua: mlima unaotoa moshi huku watu wanakaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, kama hawauoni, askari kila kona, na mawe meusi yaliyomaliza ndala zangu kwa wiki mbili.

Baba alifungua kibanda cha kushona mtaa wa Mbugangari, na hapohapo ugomvi wa shule ukaanza. Mama alitaka ya kulipia. Jirani yetu, aliyevuka mpaka kwenda Goma kila siku na beseni la nyanya, alimuunga mkono. "Ku masomo ya leta batoto beko bengi, mama," alisema, leta ndiyo serikali. "Mwalimu hata jina la mutoto hajue. Mumupeleke ku ya kulipa, atajua Kifaransa."

Baba alikuwa mbishi wa kimyakimya. "Mimi nilisoma na watoto wa Kigoma, nikawa mtu wa Kigoma. Huyu asome na watoto wa hapa." Mwishowe wakakubaliana nijaribu ya serikali muhula mmoja. Ili Mama asinune, Baba akashona sare zote mbili. Gauni la bluu nikalivaa. Lile la drafti nyekundu, la shule ya kulipia, akalitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani, nami nililitamani kila jioni nilipompelekea chai.

Nakwambia, shule ile ilinitoa jasho. Kwa kuwa sikujua Kinyarwanda wala Kifaransa, wakanirudisha darasa la pili, magoti hayaingii chini ya dawati. Jumatatu tulikwenda na fagio, Ijumaa na kidumu cha maji ya kumwagilia maua ya mwalimu mkuu. Aliyeniokoa ni msichana niliyekaa naye, wa umri wangu, aliyechelewa kuanza shule. Alinigawia mahindi ya kuchoma na kunifundisha Kinyarwanda kwa kunifinya kila nilipokosea. Hakuwahi kunieleza habari za kwao, nami sikuuliza.

Asubuhi moja mwalimu aliingia na karatasi ndefu. Watu wa msaada wameleta vitambaa vya sare za wasichana, alisema. Imfubyi wasimame. Mayatima. Neno hilo nilikuwa nalijua. Sokoni lilisikika kila siku. Nikageuka kuona nani atasimama.

Upande wetu wa wasichana walisimama karibu wote. Mwenzangu wa dawati alisimama. Safu ya mbele yangu ilisimama, ya nyuma yangu ikasimama, taratibu, kama watu waliokwisha kuizoea kazi hiyo. Tulibaki tumekaa watatu. Hakuna aliyenitazama vibaya, lakini nilijiona kama mwizi. Basi nikasimama.

Mwalimu alipita na kalamu. "Baba?" akaniuliza. "Yarapfuye," nikajibu kama walivyojibu wengine. Amekufa. "Mama?" "Yarapfuye." Akaandika, akasogea kwa anayefuata. Kinywa changu mwenyewe, rafiki yangu, na wote wawili asubuhi hiyo wamenifunga viatu na kunipa uji.

Nilichokuwa sijui ni kwamba vitambaa vile vitapelekwa kwa fundi wa Mbugangari, pamoja na orodha.

Siku tatu baadaye nilipeleka chai kama kawaida. Meza nzima ilijaa bluu. Baba alikuwa ameishika ile karatasi. "Njoo nikupime," akasema. Alinipima mabega, kiuno, urefu, bila kunitazama usoni, akaandika namba mbele ya jina langu. Kisha akatoa pini mdomoni.

"Pole kwa msiba, binti. Baba yako alikufa lini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nililia mpaka kwikwi. "Walisimama wote, Baba. Nilibaki peke yangu."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa watatu."

Nilitegemea bakora. Badala yake Baba aliketi kwenye kiti chake, akautazama mlima wa vitambaa alioupokea asubuhi kama kazi nzuri ya fundi. Akaanza kuhesabu majina kwa kidole, akaachia katikati. Sikuwahi kumwona Baba ameshtuka hivyo, wala sikumwona hivyo tena.

Mama aliposikia akasema basi, kesho mtoto aende shule ya kulipia, asiendelee kuyaona haya. "Atayaona," Baba akajibu. "Na mali ya yatima ni moto. Wakisimama kuchukua magauni, yeye akae." Akalikata jina langu kwenye orodha. Akalitungua gauni la drafti kutoka msumarini, akaanza kulifumua kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, mimi nikitazama.

Siku ya kugawa nilikaa. Sijawahi kuona kukaa kuzito namna ile. Mwenzangu alirudi na gauni lake, akaligeuza huku na huku, akakuta ndani mfuko wa drafti nyekundu, ile aliyowahi kuiona kibandani kwetu.

"Iko na mufuko," akanong'ona. "Ni baba yako alishona?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikingoja anichukie. Akalivaa juu ya lile kuukuu, akatia mkono mfukoni, hakuutoa mpaka kengele ilipolia.

Basi juzi, mdogo wangu alipouliza, nilinawa mikono. Nilitoka nikashuka kwa miguu hadi shuleni kwetu. Madarasa yale hayapo, limejengwa ghorofa, mawe meusi yamefunikwa saruji, na maua hakuna. Mwenzangu sijui yuko wapi. Muhula mmoja hakurudi, na mimi, hadi leo naona aibu, sikwenda kumuuliza. Kibanda cha Baba sasa kinauza vocha za simu.

Mlinzi wa getini aliniuliza namtafuta nani. Nilitaka kusema nilisoma hapa.

"Baba yarapfuye," nikasikia nasema.

Mzee wa watu akashtuka, akanisogezea benchi lake. "Pole sana, mama. Kaa."

Sikukaa. Nilibaki nimesimama.