Mashini Ilisema Sina Mtoto

Binti yangu alikuwa mgongoni, nimemfunga kwa kitenge, mwili wake moto kama pasi. Muuguzi wa zahanati ya kampuni alipitisha kidole kwenye karatasi ndefu ya majina iliyotoka ofisini kwetu, akatikisa kichwa.

"Mama, kwa hii liste hauna mutoto."

"Na huyu mwenye analia hapa mugongo?"

"Ninamusikia. Lakini mashini inasema hauna mutoto. Mi ntafanya nini?"

Jina la binti yangu nililiandika mimi mwenyewe. Nilifanya kazi ya kompyuta katika kampuni ndogo iliyokarabati malori ya migodi, hapa Kolwezi. Niliporudi kazini baada ya uzazi, jambo la kwanza lilikuwa kumwingiza mwanangu katika faili ya familia za wafanyakazi. Niliziangalia herufi zake kwenye kile kioo cha kijani, nikafurahi kama mtu anayetazama picha. Sasa naambiwa hayupo.

Homa haingoji ugomvi. Nilimpeleka zahanati ya misheni, kule Manika, na huko hakuna aliyeniuliza liste. Walimpa dawa ya malaria, jioni joto likaanza kushuka. Alipolishika titi tena, ndipo hasira yangu ilipopata nafasi.

Asubuhi nilikwenda kazini nimembeba. Nilijua nini kimetokea kabla sijaketi. Siku chache nyuma umeme ulikuwa umekatika ghafla, faili ikaharibika, na shefu wetu, mkuu wa ofisi, akairudisha kutoka kwenye nakala tulizoweka katika disketi. Kila nakala aliipa jina la tarehe, siku ikitangulia mwezi: 3011 ni thelathini Novemba, 1412 ni kumi na nne Desemba. Lakini kompyuta haijui kalenda. Inapanga tarakimu kuanzia kushoto, kwa hiyo ile ya Novemba ilikaa chini ya ile ya Desemba. Shefu alichukua iliyo chini kabisa, akidhani ndiyo mpya. Wote walioingizwa Desemba wakafutika: mwanangu, watoto wengine, hata mke wa fundi mmoja wa kuchomelea aliyetoka kuoa.

Na nilikuwa nimemwonya! Tulisoma kozi moja Lubumbashi, benchi moja. Yeye akapewa ofisi, mimi nikapewa kibodi.

"Shefu," nilimwambia, "nilikuambia tuanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mashini itazipanga yenyewe."

"Sitwayeni," alijibu, yaani raia, maana ndivyo serikali ilivyotutaka tuitane siku zile, "huku kwetu tarehe inaanzaka na siku. Tangu tunazaliwa."

"Kwa karatasi, sawa. Kwa mashini, angalia mambo yenye imefanya."

"Mutoto alipona?"

"Alipona."

"Basi, makelele ya nini?"

Makelele ya nini! Nilifungua kitenge, nikamlaza binti yangu mezani pake, juu ya makaratasi yake.

"Mutoto ni huyu, shefu. Unionyeshe mwenye hayuko."

Alirudisha kiti nyuma kama aliyemwagiwa maji. Nilimchukua mwanangu, nikaketi kwenye kompyuta, nikampakata, nikaingiza nakala ya Desemba kwa mkono mmoja. Majina yakarudi. Kisha nikabadilisha majina ya nakala zote, mwaka mbele, yeye akiwa amesimama mlangoni. Hakunikataza wala hakunisaidia. Mchana nikaletewa barua ya lawama: nimeleta mtoto mahali pa kazi.

Miezi ikapita. Siku moja tukaitwa kwenye mkutano, mkurugenzi akatangaza kwamba tangu sasa nakala zote zitaanza na mwaka, na akamshukuru shefu kwa ubunifu wake. Shefu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wenzangu wakapiga makofi. Mikono yangu niliiacha mapajani.

Tulipokuwa tunatoka, yule fundi wa kuchomelea akanikaribia pale getini, anatabasamu.

"Mama, ule shefu wenu iko na akili, eh?"

Nilimshika mkono wa shati. Nikamweleza yote, tangu umeme ulipokatika, jinsi mkewe alivyofutwa na nani aliyemfuta. Minibasi yake ilipiga honi, ikaondoka bila yeye. Sikumwachia mpaka nilipomaliza.