Mikono Kichwani Pale Kibara

Shangazi yangu hununua sangara mwaloni Kibara, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuwapeleka Musoma. Kila boksi lazima libandikwe lebo inayotoka kwenye kompyuta yake ya mezani. Bila lebo dereva wa lori hapokei, na samaki hawangoji. Shida ilikuwa mikono. Shangazi alikuwaga anaacha samaki anabofya hapohapo, na kibodi ya nne ilipokufa niliitoa magamba ya kumvisha sangara mwingine mzima.

Mimi ndiyo kwanza nimemaliza masomo ya jioni ya kompyuta pale Iringo, mjini Musoma, na kwa hiyo nilijua kila kitu duniani. Nikamwambia programu yake ileile ya zamani nitaifundisha kuguswa, kusikia na kuona.

"Haya, injinia wa usiku," akasema. "Lakini lori likiniachia leo hata boksi moja, hiyo kompyuta naitupa ziwani, na wewe unaifuata."

Nikafunga kioo cha kugusa. Kikaona matone ya maji, kikadhani vidole, kikachapa lebo mpaka karatasi ikaisha. Nikaweka amri za sauti; injini za mitumbwi zikazimeza. Nikabaki na ishara mbele ya kamera: dole gumba juu, chapa; kiganja kikipangusa hewa, futa.

Nilisahau kwamba mwaloni watu wanabishana kwa mikono. Mvuvi akataja bei, shangazi akapangusa hewa: "Toka huko!" Boksi likafutika. Mvuvi akapunguza kidogo, shangazi akapangusa tena. Mpaka wanaelewana, asubuhi nzima imefutika na mimi nimetoa jasho la kujaza ziwa la pili.

Nikatafuta ishara ambayo anayebishania bei haifanyi. Nikaipata: mikono miwili kichwani! Shangazi alipokosea uzito, akajitwika mikono kichwani mbele ya mlango wazi.

Wa kwanza kufika alikuwa muuza chai, na birika lake. "Mama, nani tena?" Nyuma yake mwalo wote. Wanawake wawili wameshaanza kulia. Mpima mizani akavua kofia. "Pole sana, mama. Mazishi lini?"

"Hajafa mtu!" shangazi akafoka. "Nafuta kilo tatu!"

"Kilo tatu nazo zinaliliwa?" akauliza mpima mizani.

Nje lori likapiga honi. Maboksi sita hayakuwa na lebo. Shangazi akanigeukia.

"Sikia, mwanangu. Anayetaka samaki hakunji mikono kifuani. Akikunja, ujue kashindwa, anaondoka. Weka hiyo."

Nikaiweka. Shangazi akakunja mikono, akasahihisha uzito, kisha akainua dole gumba mara sita, na watu wakihesabu kwa sauti kama wako mpirani. Dereva akapakia yote sita, akaondoka.

Waliokuja msibani hawakuondoka. Muuza chai alikuwa ameshamimina.