Wasukuma wa Korogwe

Bendi yetu ya jazi ilikuwa na magitaa matamu na lori la hovyo kabisa. Ipige Korogwe mjini, ipige kijiji cha ujamaa kule Handeni, lori lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe, na wasukumaji tulikuwa sisi wanne tulioifuata kila ilikokwenda. Mimi Mzigua, mmoja Msambaa wa Vugiri, wawili watoto wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, lakini watu walituita Wasukuma! Majina hatukuulizana. Tulijuana kwa pembe za lori: huyu nyuma kushoto, yule mbele kulia.

Siku tulipomzika baba yangu Chanika ya Handeni, wote watatu walifika. Jeneza lilipoinuliwa, hakuna aliyeelekezwa. Kila mmoja alishika pembe yake.