Mcheri Uliopandwa Uani kwa Mama

Mume wangu ni mtu wa Njombe, na mtu wa Njombe akiona udongo umekaa bure, mikono humwasha. Baba alipofariki tulihamia kwa mama, Mbagala, ili asikae peke yake. Wiki ya kwanza tu, mume wangu alirudi na mche wa cheri kutoka kwa wauza miche wa barabarani. Ulikuwa wa ile aina fupi: ukiukata kichwa mapema hutanda badala ya kurefuka, na mtu huchuma amesimama, bila ngazi wala kupopoa. Mimi nilikuwa sokoni, mama amejilaza. Akazunguka ua akijaribu jembe huku na huku. Ua wetu ni mgumu, umekanyagwa miaka mingi. Karibu na bafu akakuta udongo laini, akapanda hapo.

Niliporudi aliniita nikaone. Hapo ndipo lilipochimbwa shimo la maji siku baba alipooshwa. Kwetu maiti huoshwa nyumbani. Kitanda huwekwa juu ya shimo, maji yote na kafuri yake yaingie humo, kisha hufukiwa, na watu wa nyumba hupakwepa mahali pale bila kuambizana. Mume wangu angejuaje? Tulifika pamoja kutoka Njombe, wanaume wakiwa wameshatoka makaburini.

Na hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe. Maiti hangoji mtu. Uso wa baba sikuuona, na kwetu wanawake hatuendi kuzika. Nilichokikuta cha baba ni ule udongo uliokuwa bado una unyevu, nikachutama pale mpaka shangazi akaja kuninyanyua.

Tungemwambia mume wangu siku ileile, mambo yangekwisha. Lakini mama aliutazama mche, akanitazama mimi, akaingia ndani. Tukafunika kombe mwanaharamu apite. Mwenzetu akawa anamwagilia, anapogoa, anausifu.

"Mama, mti huu una bahati huu."

"Ehee," mama anaitikia, uso ameugeuzia ukutani.

Mti ulistawi mpaka ukatutia hofu. Mvua ikinyesha tu unatoa maua ya waridi, na hujakaa sawa, matunda mekundu yameshajaa hadi matawi ya chini. Majirani walichuma, wakakunja nyuso kwa uchachu, wakarudi tena. Mama hakugusa hata moja. Akienda bafuni alipita upande wa pili wa ua, na nilimsikia akipiga hodi mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nisimcheke, maana mimi nilikuwa nausalimia. Kila asubuhi nikitoka kufua nasema shikamoo polepole, na kuna siku nilisimama na ndoo mkononi nikingoja marahaba.

Kisha binti yetu, aliyezaliwa hapo hapo Mbagala, akaanza kutembea. Siku moja mama alimkuta chini ya mti, midomo na vidole vimekuwa vyekundu. Alipiga ukelele uliowatoa majirani.

"Mwambie mumeo aung'oe! Mjukuu wangu anakunywa maji ya maiti!"

Ikabidi nimweleze mume wangu yote. Alishika kichwa.

"Mbona hamkuniambia? Mie ningeupanda kwenye pipa toka mwanzo."

Alisema mti mfupi kama ule hauhitaji kufa. Angeuhamishia kwenye nusu pipa. Mama akakubali kwa sharti moja, mizizi ikung'utwe, udongo wote ubaki pale pale. Utamwambiaje mama yako kwamba hutaki kunyang'anywa shimo?

Alichimba kuzunguka shina, mimi nimelishika. Mti ulipoanza kunyanyuka akasita, akavuta pumzi.

"Mbona pananukia kama dawa ya nondo?"

Mama alikuwa amekaa kizingitini akitafuna tambuu. Aliacha kutafuna. Harufu ile ya kafuri niliisikia na mimi, baada ya mvua zote zile, na mpaka leo sijui ilikuwa ya mizizi au ya nini. Ninachojua ni kwamba nililikumbatia lile shina, nikalia kama mtoto.

"Mama, mie nitabaki na nini? Sie wengine hatukumuona!"

Mama akamwambia mkwewe, "Rudisha. Fukia."

Mume wangu akafukia, akaushindilia udongo kwa kiganja, akaenda zake mbele na mtoto. Mama akajaza ndoo, akaja nayo mpaka pale alipokuwa hapakanyagi. Akachota kwa kopo, akamimina upande wa kulia wa mti, taratibu, kisha wa kushoto. Ndivyo alivyowamiminia maji ami zangu walipokuwa wakimwosha baba. Akachota tena, akanipa kopo.

"Shika, mwanangu. Siku ile hukuwahi."