Plasta ya Mama Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa shantie, msimamizi wetu wa ujenzi, alinipa nyundo ndogo, si mwiko. "Gonga tofali, sikiliza," akasema. Tofali zima hulia. Lililooza ndani hutoa mlio mzito uliokufa. Nikagonga kuta za shule Wamaza, nikagonga maduka ya wanunuzi wa dhahabu Salamabila, hadi wakubwa wakaamini masikio yangu. Nami nikavimba kichwa kweli kweli.

Kisha nikarudishwa Kasongo, tulikopewa kazi ya kukagua na kutengeneza duka kubwa la wakati wa Wabelgiji, lile lenye matao barazani. Mifereji ya paa ilikuwa imeoza, maji ya mvua yamekula msingi, na ukuta wa nyuma una ufa wa kuingia kidole. Chini ya ukuta huo Mama Zaituni aliuza vitenge, kama mama yake kabla yake. Nilibandika temwe, yaani vipande vyembamba vya plasta vinavyokatiza ufa. Kikipasuka kimoja, ujue ukuta bado unatembea. Mama nilimwambia neno moja tu: "Musiguse."

Mhandisi alipokuja, temwe zote zilikuwa nzima. Akafurahi, akataka tuondoe miti iliyouegemeza ukuta. Nikagonga temwe moja. Plasta ilikuwa mbichi.

"Mama, nani alitengeneza hii?"

"Ni mie, baba. Zilipasuka, nikaziziba. Mugeni anakuja, nimuonyeshe nyumba iko na vidonda?"

Mhandisi akanivuta kando. "Ulimuelezea ni za nini?"

"Nilimukataza kugusa."

"Sikukuuliza ile."

Niliona haya, nikatamani ardhi inimeze. Kwangu alikuwa muuza vitenge tu, nimweleze nini? Na ndiye aliyekaa chini ya ukuta ule kutwa nzima. Tuliubomoa tofali kwa tofali, tukatia msingi mpya, tukaujenga upya kwa matofali yale yale. Mama Zaituni akarudi mahali pake.

Ninyi mnaoanza leo, anayekaa chini ya ukuta aelezwe kwanza. Kuandika hivyo ni rahisi. Siku niliyostaafu, mama huyo alisimama mbele ya watu, akanivika kitenge mabegani.

"Huyu baba nilimuharibia kazi sababu ya ujinga yangu," akasema, "na hakunigombeza hata siku moja."

Makofi yakapigwa. Nami, mzee mzima, nikainama kushukuru, wala sikuwaambia kwamba ujinga ulikuwa wangu.